Shamba Lililoiva Peke Yake

Mvua ikigonga mabati ghafla, hapa Wamagana, mimi hushtuka kabla ya kukumbuka kwamba ni mvua tu. Ndivyo walivyosikika kwelea, wale ndege wadogo, wakitua kwa pamoja kwenye mpunga wetu kule Mwea, msimu ambao mama alipanda mbegu mpya. Tulikuwa tumeondoka nyumbani kwa sababu shamba la babu liligawanywa mpaka likaisha, na mama akakodi kipande cha mpunga kando ya mfereji. Tusingevuna, hatungepata pesa ya kukodi tena wala pa kulima. Mbegu ile ilisifiwa kwamba hukomaa upesi na kuzaa zaidi kuliko ya kawaida, na kweli, sijaona mpunga mzuri namna ile. Masuke yetu yaliinama kwa uzito huku ya majirani yakiwa bado mabichi. Mama alipita kwenye matuta akiogopa hata kufurahi.

Hakuna aliyetuambia kwamba shamba likiiva peke yake, ndege wa tambarare nzima hulijia hilo moja. Walikuja na jua. Tulipiga makopo, tukarusha madongo ya matope, tukapayuka mpaka sauti zikakauka. Wakiinuka upande huu, wanatua ule. Shule niliisahau. Jirani yetu, Baba Muriithi, ambaye mpunga wake ulikuwa ungali kijani, alikuja kutusaidia kufukuza, akachoka. "Mama Wangari, ni hii mpunga yako tu imeiva," alisema. "Hata mimi ningekuwa ndege, ningekuja hapa." Mama alicheka, kisha akaketi kwenye matope na kulia kwa sauti. Mimi niliendelea kupiga kopo kwa sababu sikujua la kufanya. Tulivuna mapepe, maganda matupu yasiyo na punje.

Tulirudi Wamagana majirani wakijiandaa kuvuna, na tangu hapo mama amezeeka akichuma chai ya watu. Siku hizi nikipita Mwea naona mbegu ile pande zote. Wanaipanda pamoja, inaiva pamoja, na ndege wakija, kila mtu hupoteza kidogo tu. Nawafurahia, na roho inaniuma. Nikimpikia mama wali wa huko, huuliza kama ni ile. Namwambia ndiyo. Hula wote, akaokota hata punje zilizoanguka mezani.

"Si niliwaambia," husema, "hiyo mbegu ni mzuri."