Nguzo Iliyohamishwa kwa Ajili ya Mkwe

Baba yangu Masolwa alikuwa mwoga, na sioni kwa nini nimpambe. Akikaribishwa nyumbani kwa mtu, kwanza atagonga nguzo kwa mpini wa kisu, asikilize, ndipo akae, tena karibu na mlango. Watu walimcheka. Hata mimi nilimcheka, mpaka nilipoambiwa kisa chenyewe.

Mwaka ule wa kuhamishwa kwa sababu ya malale, watu wa upande wetu walitolewa porini kwenye mbung'o wakaletwa kukaa pamoja huku Lusu, si mbali na njia ya zamani ya misafara. Mvua zilikuwa karibu, na kila mtu anakimbizana na tembe lake, ile nyumba yetu ya paa bapa: boriti, fito, nyasi, halafu udongo juu. Paa zito namna hiyo halitaki mzaha. Nguzo ni za mninga, tena moyo wake mwekundu tu. Ule weupe wa nje unachongwa wote, na kitako kinababuliwa motoni kabla ya kufukiwa ili mchwa wasipate pa kuanzia. Baba aliyajua hayo yote. Lakini mninga ulikuwa mbali, na mama yangu Bertila alikuwa mjamzito. Akakata miti iitwayo mitundu iliyoota karibu, mibichi na maganda yake, akajengea hiyo.

Hilo peke yake lingesameheka. Kubwa lilikuwa la ukwe. Bibi Ngollo, mzaa mama, alikuwa anakuja kumzalisha binti yake, na kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawaitani majina, sembuse kugusana. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia majanini. Kwa hiyo baba akataka bibi awe na mlango wake. Nguzo ya kati ilikuwa imesimama palepale pa kupitia, akaing'oa, akaisogeza ukutani. Boriti kubwa ikabaki haina kitu chini yake. Heshima gani hiyo, jamani, ya kumpa mkwe mlango ukamnyima paa?

Bibi akafika, uchungu ukaanza, na mvua nayo. Udongo wa paa ukanywa maji tangu asubuhi. Baba alikuwa uani, amejibanza kwenye kibanda cha kuni, aliposikia mti unalia ndani. Ukanyamaza, ukalia tena. Alijua ni boriti ile. Aliita watoke, mvua ikameza sauti yake. Kuingia alikuwa haruhusiwi: mke anajifungua, na mkwe yumo humo humo. Akabaki anazunguka pale uani, analia kwa hofu, hakuficha aliponisimulia.

Kisha akasikia kilio changu. Nilikuwa nimezaliwa chini ya boriti ile.

Akaingia. Boriti ilikuwa imepinda, tope linachuruzika kwenye fito. Akaweka bega chini yake, akafumba macho asimwone mkwe wake, akasema watoke upesi. Bibi akajitupia nguo usoni, akamkokota mama hadi nje, mimi nikiwa juu ya tumbo lake, akatukabidhi kwa majirani waliokuwa wamekuja mbio.

Baba akabaki peke yake. Sasa alitakiwa aachie, aruke, akimbie. Hakuweza. Aliniambia mwili wote ulikufa ganzi kwa woga. Kila alipojiambia aachie, mikono ilizidi kukumbatia mti ule. Boriti ikapasuka sikioni mwake. Alijua anakufa, na bado hakuachia.

Hapo bibi akarudi. Safari hii hakujifunika. Akasimama mbele yake, chini ya paa lile lile, akamshika mkono.

"Masolwa," akasema. "Fumbua macho. Nitazame mimi."

Akafumbua. Bibi akamvuta kwa nguvu zake zote, wakatoka mlangoni wakiserereka, na nyuma yao nyumba nzima ikalala chini.

Majirani walikuwa wamejaa uani, wanamtazama mtu na mama mkwe wake wameshikana mikono hadharani. Baba akajaribu kuuchomoa mkono wake. Akamnong'oneza kwamba watu wanaona.

Bibi hakumwachia. "Waache waone," akasema. "Wewe bado unatetemeka."