Viti Vilivyobaki kwa Majirani

Siku ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku yenyewe ya mazishi, ni ile niliyorudi mtaani kwetu hapa Huruma, Nairobi, kutoka kumzika mume wangu, nikafungua mlango, nikakuta sebule haina hata kiti kimoja cha kukalia.

Usishtuke, hakuna mwizi aliyeingia. Ngoja nikueleze, maana nyinyi wa siku hizi mnakodi hema na viti vya plastiki, watu wanakaa nje, na nyumba ya mfiwa inabaki kama ilivyokuwa. Sisi tuliokaa kwenye zile fleti wakati huo, mtu akifa, jambo la kwanza majirani walilofanya lilikuwa kupanda ngazi na kutoa vitu vya sebuleni. Makochi yalienda kwa huyu, meza kwa yule, kabati likasukumwa hadi nyumba ya pili. Chumba kikishakuwa wazi, yaliletwa mabenchi ya kanisa, na watu wakaja kila jioni kuimba na kuomba mpaka mwili uondoke kwenda kuzikwa nyumbani kijijini. Hakuna aliyeomba ruhusa na hakuna mfiwa aliyekataa. Ilikuwa heshima, na mpaka leo nasema ilikuwa heshima kubwa.

Mume wangu aliitwa Wanyonyi. Alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni, akaugua muda mfupi, akafa. Hapo sitakaa sana. Nilikuwa bado kijana, nimekuzidi wewe wa leo miaka michache tu, na mtoto mmoja, Nelima, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza nasari.

Jumuiya yetu, yaani zile familia za kanisa zilizokaa fleti za karibu na kusali pamoja kila wiki, ilifanya kazi yake bila dosari. Wanawake walipika. Vijana wa kwaya walibeba maji kutoka bomba la chini hadi kwangu orofa ya nne, na walikuwa wanaimba bado wakiwa na mitungi mabegani. Padre alikuja. Basi likajaa watu wa kutusindikiza hadi Bungoma, wakaimba kaburini mpaka sauti zikakauka. Mtu asikudanganye kwamba nilitupwa. Kama kungekuwa na mtihani wa kuzika, Huruma tungepita wote.

Ila mabenchi ya kanisa yalirudi kanisani siku ileile mwili ulipoondoka, kwa sababu Jumapili yalihitajika. Makochi yangu hayakuhitajika na mtu.

Basi nilirudi baada ya siku kadhaa kwa mama mkwe, nikakuta sakafu imepigwa deki vizuri sana. Ukutani kulikuwa na mstari mweusi pale kochi lilipokuwa likigusa. Nikageuza ndoo, nikakaa. Nelima akakalia mtungi wa maji. Tukala ugali wetu hivyo, na kesho yake hivyo, na siku iliyofuata hivyo.

Sasa kuna jambo lazima ulijue. Simiyu, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ameniambia baada ya mazishi, "Shemeji, mwisho wa mwezi nakuja na lori tubebe vitu. Nairobi utakaa na nani?" Hakuwa mtu mbaya. Aliona mjane na mtoto huko juu orofa ya nne, akaona hapo pana kazi ya kufanya. Nami nikamjibu, sawa. Nilisema sawa kwa mambo mengi wiki zile, mengine hata sikuyasikia yakisemwa.

Lakini moyoni sikutaka kwenda. Nilikuwa nimepata mashine ya kushonea katika duka la sare za shule, na fundi mkuu alikuwa ameanza kuniamini nishone hata kola. Mtoto wangu alikuwa na rafiki zake. Huruma ndiko nilikojifunza kuwa mtu mzima, kugombania maji, kukataa kudhulumiwa sokoni. Nilichotaka ni mtu mmoja tu aniambie: Mama Nelima, baki.

Hakuna aliyesema. Nikikutana na watu kwenye ngazi waliniambia, "Pole, Mama Nelima, Mungu yuko," kwa sauti ya chini, kisha wakaongeza mwendo. Baba Otieno wa orofa ya kwanza, aliyekuwa ameweka makochi yangu, alinisalimia akiangalia viatu vyake. Mama Halima, jirani yangu Muislamu ambaye tulitenganishwa na ukuta tu, alikuwa akiufunga mlango wake polepole kila aliposikia nafungua wangu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, nami nikaanza kuongeza ya kwangu. Nikasema, hawa wananiona kama mtu aliyeshaondoka. Wangetaka nibaki, wangerudisha viti.

Jioni moja Nelima alitoka kucheza kwa Mama Halima, akaja anaruka. "Mama! Leo nimekaa kwa kiti yetu!"

Nikacheka, kisha nikalia, kisha nikamwosha miguu akalale. Kwenda kubisha hodi na kusema nipeni kiti changu nilishindwa kabisa. Watu wametoka kunizikia mume, halafu mimi naulizia makochi? Ningeonekanaje?

Aliyekuja mwishowe alikuwa Mama Njoki, mwenyekiti wa jumuiya. Huyu alikuwa mama mnene mwenye magoti mabovu, na alizichukia ngazi kwelikweli. Zamu ya sala ikiangukia nyumba ya juu, mara nyingi alituma mtu aseme ana homa, na sote tulijua homa hiyo. Kwa msiba wangu alikuwa amepanda kila jioni bila kulalamika, kwa hiyo nilidhani deni lake la ngazi kwangu limekwisha. Kumbe Jumamosi moja mchana nikasikia mtu anapumua kwa nguvu nje, na kabla sijainuka amefika, ameshika mlango kwa mikono miwili.

"Haya, nimefika. Nipe kiti nife nikiwa nimekaa."

"Hakuna kiti, Mama."

Akatazama chumba. Akatazama ndoo. "Kwani viti viko wapi?"

"Viko kwa watu."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Na wewe umewauliza?"

Nikamwambia sijawauliza. Nikamwambia na habari za lori, na kwamba watu wote wanajua naondoka, na kwamba labda wao wenyewe wanapenda niondoke mapema ili wasiendelee kunionea huruma kwenye ngazi. Nilisema maneno mengi. Ndiyo mara ya kwanza nilikuwa nimesema maneno mengi tangu Wanyonyi afe. Mama Njoki alisikiliza akiwa amesimama, ameegemea ukuta, maana ndoo yangu aliikataa kwa kuitazama tu.

"Wewe mtoto una kichwa ngumu," akasema. "Watu wamekulilia hapa, wamekubebea maji, na wewe unakaa juu ya ndoo unawahukumu! Hujawauliza hata neno moja!" Aliendelea hivyo kwa muda, na alikuwa na ulimi. Na alikuwa anasema kweli. Halafu akapoa ghafla, akaniuliza kama mtu anayeuliza bei, "Kwani wewe unataka kwenda?"

"Sitaki, Mama."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Nililiona lile neno likimwingia. Alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Hata mimi," akasema. "Nimeongoza sala hapa kila jioni. Nimekuombea nguvu, nimekuombea faraja, sijui nimekuombea nini kingine. Na sikukuuliza hata mara moja unataka nini. Nisamehe." Mtu wa umri wake kuniomba msamaha, nilikosa mahali pa kuweka macho yangu.

Hakungoja jibu. Alitoka akasimama kwenye ngazi, akaita kwa ile sauti yake ya kuanzisha nyimbo. "Baba Otieno! Mama Halima! Nyinyi wa kwaya! Kila mtu aliye na kitu cha Mama Nelima akilete! Haendi popote huyu!"

Milango ikafunguka kwenye orofa zote. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Halima, amebeba stuli mbili, machozi yanamtoka. "Dada, mimi nilijua uko eda," akasema. "Kwetu mjane akiwa kwa eda hatumsumbui. Hata mlango nilikuwa naufunga polepole, usisikie kelele." Miye niliyekuwa nimeuchukia mlango ule! Nilimkumbatia na stuli zake zote.

Baba Otieno akapanda na kochi kubwa, yeye na vijana wawili, wakiligonga kila kona ya ngazi. Alipolitua alisema bila kuniangalia, "Nilimsikia shemeji yako akiongea mambo ya lori. Nikasema nikikurudishia makochi utaona ni kama nakuuliza unatoka lini." Nao vijana, nilipowauliza, mmoja akajikuna kichwa. "Mathe, sisi tulijua mabuda wamepanga hiyo maneno," akasema, yaani wao walidhani wazee ndio waliolishughulikia. Kila mmoja alikuwa amekaa kwake na huruma yake, ameshika kiti changu, anangoja, akiogopa kuniumiza.

Chumba kikajaa tena. Niliona aibu, na niliona furaha, na sikujua nianze na ipi. Mama Njoki alikuwa ameshakaa kwenye kochi, ameinua miguu, anaulizia chai.

Mwisho wa mwezi Simiyu alikuja na lori kama alivyosema. Mama Njoki alikuwa amepanga sala ya jumuiya ifanyike kwangu mchana huo, na usiniambie ilikuwa bahati. Simiyu akaingia, kofia mkononi, akakuta watu wamebanana mpaka jikoni. Akapewa nafasi, akaimba nasi, maana ni mtu wa kanisa. Sala ilipokwisha nilimtazama Mama Njoki nikitumaini atanisemea. Alinigusa kiwiko tu. "Sema mwenyewe," akaninong'oneza. "Yeye naye hajui."

Nikasimama. Nikasema, "Shemeji, asante kwa kuja. Lakini mimi nataka kubaki hapa. Nina kazi, na Nelima ana shule. Tutakuja nyumbani Krismasi na tutakuja kuliangalia kaburi, lakini tutakaa hapa."

Simiyu aliigeuzageuza kofia yake. Kisha akasema, "Mama alinituma nisikuache peke yako."

"Naelewa, shemeji. Sasa angalia hapa ndani unipelekee Mama jibu."

Akazungusha macho chumba kizima. Aliwatazama watu wale, mmoja baada ya mwingine, Mama Halima aliyekuja na sambusa zake akiwemo. Nikaona mabega yake yakishuka, na hapo ndipo nilipojua kwamba yeye naye hakuwa na hamu ya kunihamisha, alikuwa amebeba neno la mama yake tu. Akaomba chai ya pili. Jioni aliondoka na baiskeli ya marehemu mdogo wake na koti lake la mvua, vitu ambavyo mama mkwe alivitaka, na lori likarudi Bungoma likiwa tupu. Mimi nikabaki. Nimezeekea hapa, Nelima amelelewa hapa akaolewa kutoka mlango huuhuu, na wewe, mjukuu wangu, umezaliwa ukanikuta hapa.

Haya yote nimekueleza kwa sababu jana ulinionyesha simu yako. Rafiki yako wa mtaa wa Donholm amefiwa na mama yake, mkafungua humo grupu ya rambirambi, mkaweka picha ya mshumaa, mkachapisha fulana zenye sura ya marehemu, mkaenda kuzika. Sasa mwenye grupu ameandika asanteni nyote, tunaifunga. Nawe ukaniambia, "Shosho, tumemaliza vizuri." Mmezika vizuri, sikatai. Lakini huyo msichana sasa yuko ndani ya nyumba ile, na watu wazima wanaamua kwa niaba yake aende kwa shangazi gani, na nakuapia anaitikia kila kitu.

Kwa hiyo nenda kwake. Usimwandikie kwamba akihitaji chochote akuambie, kwa sababu hatakuambia. Mimi nilikuwa na ulimi mzima na sikusema. Nenda mwenyewe, kaa naye, msaidie kuosha vyombo. Kama kuna kitu chake kilichotolewa au kilichoazimwa wakati wa msiba, kirudishe kwa mikono yako, usingoje wazee, kwa sababu wazee nao wanawangoja nyinyi. Usijifanye unajua anachotaka, hata kama mmekua pamoja. Usimfunge kwa mila zako wala kwa upole wako. Muulize, wewe unataka nini? Halafu nyamaza, umwache ajibu, hata akikaa kimya mpaka chai ipoe. Na akikwambia, simama karibu naye siku atakapowaambia wengine. Usimsemee. Awe na mtu wa kumtazama tu anapolisema.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe moyo wa kusikia na subira ya kukaa, awafute machozi wote waliofiwa mwezi huu katika mitaa yetu hii, na nyumba zao zisipoe. Sasa vaa viatu uende Donholm, na Mungu akutangulie mlangoni.