Habari Haikufika Koleji

Wajukuu wangu wakinung'unika kwamba chuo chao kiko mbali na mji, mimi humkumbuka mdogo wangu.

Koleji yake ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, katika njia ya msitu. Kila Ijumaa nilimpelekea kwanga za wiki, ile mikate ya muhogo, maana chakula cha kule hakikumshibisha.

Waasi walipoingia mjini, miaka michache baada ya uhuru, walitafuta watu waliosoma. Huku mtaani kwetu Makiso makarani walizika viatu na tai zao, wakatembea miguu wazi kama wavuvi. Alhamisi mama akaniambia, "Nenda leo. Umwambie asishuke mjini."

Nilikuwa nimechoka na ile njia. Nikamjibu, "Mama, wale ni watu wa kusoma. Wanajua kila kitu mbele yetu."

"Bon, haya, utaenda kesho."

Kesho yake sikwenda. Na kule hawakujua kitu. Habari za mji ziliwafikia kwa miguu ya watu kama mimi, na wiki ile hakuna aliyetembea. Jumamosi mdogo wangu akazifuata kwanga zake mwenyewe. Alikuja na viatu vyeusi, shati jeupe, kalamu mfukoni, kama alivyozoea kuja nyumbani. Jirani yetu alimwona kwenye kizuizi cha barabarani, akiwasalimia waasi kwa adabu. Walimchukua. Hatukupata hata mwili.

Mama aliishi miaka mingi baadaye. Hakuniuliza hata siku moja kwa nini sikwenda. Afadhali angenipiga.