Ni Trela Tu

Kibanda changu cha chai kiko Malaba, kando ya barabara ambapo trela hupanga foleni zikisubiri kuvuka kwenda Uganda. Nyuma yake kuna vyumba viwili, na humo ndimo nilimomlea binti yangu. Trela nzito ikipita, glasi zinagongana kabatini, vumbi la mabati linaangukia sufuria, na mimi natoka mlangoni kumtukana dereva ambaye hata hanisikii. Binti yangu alipokuwa mdogo alikuwa akishtuka na kulia. Nami nilikuwa namwambia, "Tulia, ni trela tu, itapita." Nilisema hivyo mpaka akazoea, akawa analala fofofo hata nyumba ikicheza.

Siku hizi anafundisha chekechea pwani, kwenye jiji lenye bandari, huko huko trela zetu zinakotoka. Alasiri moja redio ikasema tetemeko kubwa la ardhi limetokea baharini karibu na jiji hilo, na majumba yametikisika. Hapa kwetu hakuna aliyeona ajabu yoyote. Labda glasi zilitetemeka, lakini zangu hutetemeka kutwa.

Nikampigia, simu haikuingia. Nikapiga tena na tena, mpaka nikaanza kumfokea yule mwanamke wa kwenye simu anayesema mteja hapatikani.

"Mama, tulia kwanza," akasema mteja wangu mmoja, mwalimu wa jiografia kutoka Amagoro, mtu asiyeweza kunywa chai bila kufundisha. "Watu wote wanapiga simu saa hii. Netiweki imejaa tu."

"Na hilo tetemeko limetoka wapi, mwalimu? Nani alilituma?"

Akachukua kijiko, akakiweka kwenye sufuria ya maziwa niliyokuwa nimeipua, akausukuma ule utando wa juu taratibu. Utando ukakunjamana, ukakwama, kisha ukachanika ghafla.

"Mawe ya chini pia yanasukumana hivyo, pole pole, miaka mingi. Yanakwama. Siku yakiachiana, ardhi inaruka. Mtetemo wa kwanza unakimbia mbio lakini ni mwepesi. Wa pili unakuja nyuma, na huo ndio unabomoa. Mtu akishtuka na ule wa kwanza, anaweza pata nafasi kidogo ya kujificha."

Nilitaka kumkemea kwa kuniharibia maziwa, ila swali lingine lilitangulia.

"Na kama akidhani ule wa kwanza ni trela?"

Mwalimu akakiweka kijiko chini. Alikuwa amekunywa chai pale kwangu miaka yote ile, alijua nilichokuwa nikimwambia yule mtoto.

Niliogopa, sifichi. Nilimwona akilini binti yangu ameketi ametulia darasani, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kutulia. Nikabandika maziwa tena motoni ili mikono ipate kazi. Madereva walikuwa wakiomba chai, nami nawamiminia maji matupu. Hakuna aliyelalamika.

Simu ilipolia niliipokea kwa kelele. "Uko wapi wewe!"

"Niko sawa, Mama. Sote tuko sawa. Tuko nje kiwanjani."

"Ulidhani ni trela?"

Akacheka, mtoto huyu, akacheka! "Mama, trela si inakujanga pole pole? Unaisikia kutoka mbali, inapita, inaenda. Hii ilianza mara moja, na haikuwa na injini. Nikajua hii si trela. Watoto walikuwa mezani wanachora, nikawaambia wote waingie chini ya meza. Hata hatujamaliza kujipanga, ikakuja ile kubwa. Plasta ya dari ikaanguka juu ya meza, puu, lakini hakuna mtoto ameumia."

Wateja wote walikuwa wamenikazia macho. Nikawaonyesha kidole gumba. Mwalimu akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati.

"Na huko chini ya meza," nikauliza, "hao watoto hawakulia?"

"Walilia sana. Nikawaambia ile yako."

"Ipi?"

"Tulieni, itapita."

Nililia mbele ya madereva, kwa sauti, bila haya. Maziwa yakafura, yakamwagika, yakazima makaa, na siku hiyo sikumtukana mtu.