Vibao Tisa vya Jina la Hamida

Saa mbili asubuhi sokoni Majengo, Dodoma. Lori la mahindi limeziba njia, wapagazi wanabishana na dereva, na Hamida Ali ameinama mbele ya jiko akipepea mkaa kwa mfuniko wa ndoo. Mtu anapita nyuma yake na kuita jina lake. Bila kugeuka, anaitika "Abee", na kuendelea kupepea.

Kuitwa na kuitika, nani ataliona hilo kuwa jambo? Lakini mwezi mzima uliopita Hamida alikuwa akiitwa anashtuka kama aliyemwagiwa maji ya barafu.

"Nilikuwa nageuka kwanza," anasema. "Namwangalia mtu usoni. Nikiona kuna kicheko kinajificha, siitiki."

Hamida, mwenye umri wa miaka 46, ni mama lishe. Mume wake, Mustapha, analima alizeti kwao Kondoa na huja mjini anapopata nafasi. Hamida na binti yao Mwanaidi ndio wanaosukuma kibanda. Kwa siku anauza sahani hamsini hivi, zaidi kidogo wabunge wanapokuwa mjini. Wali maharage ni shilingi elfu mbili. Mboga ya mlenda inakuja yenyewe, haina bei, na ukiikataa utaulizwa umetokea wapi.

Kibanda hakina bango. Ukitaka kufika unasema "kwa Hamida", na hata dereva wa bajaji aliyeanza kazi jana atakushusha mlangoni.

"Wenzangu wana mabango ya rangi," anasema. "Mimi nina jina. Likiharibika hilo, nimefunga."

Na mwezi uliopita nusura liharibike.

Benchi la kibanda hicho lina watu wake. Yupo Geofrey, karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, ambaye ulimi wake hufika mahali kabla yake. Yupo Matonya, mwenye bucha ya pembeni. Yupo Violeth, mwanafunzi wa chuo kikuu, na fundi Thomas, seremala. Hawa wanaumwa ugonjwa mmoja: hawawezi kuona neno likatulia. Lazima walipangue, wachukue herufi zake zote, wajenge neno jingine bila kuongeza wala kupunguza hata moja.

Kwao samaki ni makasi. Pesa ni sepa, na hakuna aliyewahi kulibishia hilo. Dodoma ukiipangua unapata madodo, yale maembe makubwa, ila hilo limepigwa marufuku benchini, kwa sababu kila mgeni hudhani yeye ndiye wa kwanza kuligundua.

Siku Hamida alipoinjika sufuria lake la kwanza pale, miaka tisa iliyopita, Geofrey alimuuliza ametokea wapi.

"Kondoa," akajibu.

"Basi umeshaondoka, dada. Kondoa na ondoka ni herufi zilezile."

Hamida anacheka anapokumbuka. "Nilimwambia, kaka, kula uende. Nilijua nimepata kichaa wa kwanza. Kumbe wako wanne."

Kila mwaka, mavuno yakishaingia sokoni, wapanguaji hao hufanya shindano. Thomas amechonga herufi kwenye vibao vya mabaki ya mbao za vitanda, anavitunza ndani ya ndoo ya rangi. Linachaguliwa jina la mtu mmoja anayefanya kazi karibu na benchi, na washindani wanapewa mwezi mmoja kulipangua. Siku ikifika, mwenye jina anakalishwa kwenye kiti mbele za watu. Kila mshindani anapanga vibao vyake mezani, na mwenye jina anatamka moja kati ya mawili: "Nimepokea" au "Rudisha". Lililorudishwa halisemwi tena. Ndivyo kanuni inavyosema.

Soko, lakini, halijui kanuni.

Mwulize Matonya. Miaka miwili iliyopita mwanafunzi mmoja wa udaktari alilichukua jina lake, akatoa Anatomy, lile somo lao la kujifunza viungo vya mwili. Matonya alirudisha papo hapo, tena neno la kigeni haliruhusiwi, tena halikupata hata makofi. Leo Majengo nzima inamwita Anatomy.

"Hata mke wangu akipiga simu buchani anaulizia Anatomy," anasema Matonya, akinoa kisu. "Naitika. Nifanyeje?"

Lake Matonya ni la kuchekesha. Fredy, fundi viatu, alipewa jina ambalo gazeti hili haliwezi kuliandika. Alirudisha. Wiki hiyohiyo alibeba boksi lake la misumari akahamia mtaa wa Area D, na jina likamfuata huko bila nauli.

Sasa mwaka huu Thomas aliweka vikaratasi vya majina ndani ya sufuria, sufuria la Hamida mwenyewe, akatumbukiza mkono, akasoma: Hamida Ali. Watu wakapiga makofi. Hamida naye akapiga.

"Nilifurahi," anasema. "Miaka yote mimi ni wa kupika tu. Nikasema na mimi leo nimo."

Furaha ilidumu hadi alipofika nyumbani. Alikata boksi la sabuni vipande tisa, akaandika herufi za jina lake, akazimwaga kwenye ungo ili yeye na Mwanaidi waone kilichomo. Mwanaidi, mwenye miaka kumi na tisa na macho makali, alivuta vinne pembeni. Akavipanga.

"Mama, hebu ona."

Vinne vilisomeka hila. Vilivyobaki vilisomeka daima.

Hila daima. Mwanamke anayepima wali kwa kijiko, anayeaminiwa na soko zima kuhusu kilichomo sufuriani, ndani ya jina lake kumelala neno la kumwita tapeli wa kila siku.

"Tulikaa tunaangalia ule ungo kama kuna mgonjwa ndani yake," anasema Hamida.

Mwenye jina ana haki ya kukataa hadi siku moja kabla ya shindano. Mwanaidi hakungoja.

"Mama, kataa."

"Nikikataa watauliza nimekimbia nini. Watatafuta mpaka walipate."

"Basi sema unaumwa."

"Mwanangu, mama lishe akitangaza anaumwa, nani atakula kwake tena?"

Ikabaki kungoja. Na kungoja kukamfundisha Hamida kusoma nyuso za watu, na kuzisoma vibaya.

Kwanza ni Geofrey. Mtu ambaye hakuwahi kukosa chakula cha mchana pale aliacha kuja. Akawa anamtuma mlinzi wa ofisi yao na hotpoti: weka wali, weka maharage, mzee yuko bize. Hamida akajua. Geofrey ameliona, na anajificha nalo mpaka siku ya watu.

Halafu Matonya. Kila akileta nyama, anaongeza mifupa ya supu bila kuombwa.

"Ya nini hii?" Hamida alimuuliza siku moja.

"Chukua tu, dada."

"Matonya, mimi na wewe tangu lini unanipa mifupa?"

"Mbwa wangu amehama," akasema Matonya, na kuondoka haraka. Hakuwahi kuwa na mbwa.

Na Violeth, binti mwenye maneno kama redio, akawa anaamkia "Shikamoo mama", anakula amezamisha uso kwenye simu, anaondoka. Hamida alimfuata hadi kwenye ndoo ya kunawia.

"Mwanangu, hebu niambie ukweli. Umepata nini kwenye jina langu?"

"Mama, mbona napata mengi tu. Mazuri."

"Na mabaya?"

Violeth aliosha mikono yake vizuri sana, mpaka vidole vikang'aa. "Mama, nachelewa kipindi," akasema. Ilikuwa Jumamosi.

Siku hizo, wateja wanakumbuka, maharage ya Hamida yalikuwa na chumvi ya kutosha familia mbili. Hakuna aliyelalamika, na hilo nalo akalihesabu kuwa dalili.

Ilipofika Jumapili iliyopita, alivaa dera lake la sikukuu na kukaa kwenye kiti chini ya turubai. Jua lilikuwa limeanza kupoa na upepo wa Dodoma ulikuwa unafanya kazi yake ya kumlisha kila mtu vumbi. Wachuuzi wa nafaka walisogeza magunia wakayakalia. Mwanaidi alisimama nyuma ya mama yake, mikono yote miwili kwenye mgongo wa kiti.

Thomas akamwaga vibao tisa mezani, akavipanga: HAMIDA ALI.

Akaanza Violeth. Alivuta vibao taratibu, watu wakisoma kwa sauti kila kimoja kilipotua. Ahadi mali.

"Mama akisema wali utaiva saa saba, ni saa saba," Violeth akaeleza. Mchuuzi mmoja nyuma akasema huyo binti labda anatumia saa ya chuo. Watu wakacheka.

"Nimepokea," akasema Hamida, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka.

Akaja Matonya na vidole vyake vinene, vibao vikimponyoka. Hadai mali.

"Chenji ikikosekana anakwambia nenda, utaleta. Mimi ningekuwa nimeshatoa kisu," akasema.

"Nimepokea."

Akabaki Geofrey. Alikuja mezani bila kumwangalia Hamida, bila mzaha hata mmoja, na watu wanaomjua wakatazamana. Akachukua D. Akafuatisha A, kisha I, kisha M, kisha A.

Daima.

Hamida anasema hakusikia tena soko. Mikono ya Mwanaidi ilihama kutoka kwenye kiti ikamshika mabega. Geofrey akachukua H, akaiweka.

Vilibaki vibao vitatu mezani: A, L na I. Hamida alikuwa amevipanga vibao hivyo kwenye ungo mara nyingi kuliko alivyosonga ugali mwezi ule. Alijua kwamba mkono wa Geofrey ukienda kwenye I, kila kitu kimekwisha.

Mkono ulikwenda kwenye A.

Halafu L. Halafu I.

"Daima hali," Geofrey akasoma, na sasa ndipo akamtazama. "Miaka tisa nakula hapa, dada Hamida. Nilipopata hili nilicheka. Kisha nikajiuliza, hivi nimewahi kumwona huyu mama akila? Hata siku moja. Anatushibisha sisi, yeye anakwangua ukoko amesimama. Kama nimekosea, niambie rudisha."

Maharage yalisikika yakichemka jikoni.

"Nimepokea," akasema Hamida. Akajifuta uso kwa mtandio, akasingizia vumbi. Kisha akafanya jambo ambalo halimo kwenye kanuni za Thomas. Aliinuka, akawatazama mmoja mmoja.

"Na lile jingine? Msiniambie hamkuliona."

Thomas akaokota kibao ambacho hakikuwa kimeanguka. Matonya akajikuna shingo.

"Lipi?" akauliza Thomas.

"Fundi, hata wewe."

Violeth ndiye aliyekiri kwanza. "Nililiona siku ileile mama. Nikasema bora nifeli."

"Mimi nilionyeshwa na mke wangu," akasema Matonya. "Nikamwambia ukilitaja nje, nyama utakula kwenu."

Wote wakamgeukia Geofrey.

"Mimi nililiona kabla Thomas hajamaliza kusoma kile kikaratasi," akasema. "Ndiyo maana nikaacha kuja. Mnanijua mimi. Ningekaa hapa, unipe maharage yaliyolala, lingenitoka. Nikaona bora niagize kwa hotpoti."

"Kwa hiyo mwezi mzima unakula maharage ya baridi ofisini."

"Tena ya chumvi, dada. Ya chumvi kweli."

Hapo ndipo Hamida alipocheka hadi akakaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa, miguu ameinyoosha. Akalitaja yeye mwenyewe, hila daima, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye magunia. Watu wakacheka naye, na neno likakosa pa kushika. Ameruhusu hata tuliandike hapa.

"Watu wanne walilijua," anasema, "kila mmoja peke yake, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Mimi nawaona wabaya, kumbe wananilinda. Ile mifupa ya Matonya ilikuwa pole."

Zawadi ya mshindi, kikapu cha zabibu, hutolewa na mwenye jina, na Hamida alimpa Geofrey. Geofrey akakirudisha mapajani kwa Hamida na kutangaza kwamba hakuna atakayeondoka kabla hajamwona akila. Akala. Anakiri alikula akiwa ameona aibu, huku soko likihesabu zabibu zinavyoingia mdomoni.

Leo, saa saba na robo, Geofrey amerudi benchini, na hotpoti haipo. Mwanaidi anapakua, na Hamida amekaa na sahani yake mwenyewe, jambo ambalo bado linamfanya ainuke kila dakika na kukalishwa tena. Mipango yake anayo. Mwaka ujao hataki kiti, anataka meza. Ameshamwambia Thomas amwandike miongoni mwa washindani.

"Na kikaratasi cha jina la Geofrey kiwekwe sufuriani," anasema. "Ameyapangua ya watu, lake halijawahi kutoka."

Geofrey anakohoa. "Jina langu halina kitu, dada."

"Nimeshaliangalia. Jana, na Mwanaidi, kwenye ungo."

Kijiko cha Geofrey kinasimama hewani. "Mmeona nini?"

Hamida anamsogezea bakuli la mlenda.

"Kula, kaka, chakula kinapoa. Mimi nimeshanyamaza."