Pikapu ya Mawe na Mgongo wa Mke Wangu

Ilikuwa Jumatano jioni, tumeshafika nyumbani na injini imezimwa, lakini mke wangu alikuwa bado hajashuka. Akaniambia atakwenda hospitali mpaka Ijumaa tu.

"Ijumaa ikiwa kama leo, usiniombe tena," alisema. "Uniache nikae hapa."

Hakusema kwa hasira. 

Alikuwa amepata uvimbe kwenye mfupa wa kiuno, na hospitali kubwa ya mjini walikuwa wakimchoma mionzi. Daktari alitueleza vizuri, hata mimi wa darasa la saba nilielewa. Mionzi inataka mfululizo, kila siku ya kazi. Mtu akiacha katikati, hakuna anayeweza kuahidi kitu. Wakampa na dawa ya maumivu ya maji. Kitandani ile dawa ilimtosha kabisa. Ilikuwa inashindwa barabarani.

Sisi tunakaa ufukweni mwa ziwa, mbali kidogo na barabara ya Musoma. Kutoka kwetu mpaka lami ni barabara ya udongo iliyojikunja kama bati la paa, na penye nafuu ya bati pana mashimo. Ukifika lami unapata matuta, Kisesa mpaka Nyakato, Buzuruga mpaka mjini. Nasema hivi si kwa kuwalaumu watu wa barabara. Mvua za mwaka huo zilikuwa kubwa, na malori ya mchanga yanayoiharibu barabara yetu ndiyo yanayowapa kazi nusu ya vijana wa kijiji.

Watu waliniuliza kwa nini sikumhamishia mjini. Tulijaribu. Binamu yake anakaa Mabatini, juu kwenye mawe, akatupokea kwa moyo mmoja. Lakini nyumba yake unaifikia kwa kupanda ngazi za majabali, na mke wangu alipofika nusu ya njia alikaa chini akalia mbele za watu. Hajawahi kulia mbele za watu. Tukarudi nyumbani. Mtumbwi wa injini nao tulijaribu mara moja, na kule kubebwa kuingizwa na kutolewa kulimshinda kuliko mashimo.

Ikabaki pikapu yangu. Ile ni gari ya mawe. Niliinunua kuukuu ili nibebe mawe ya msingi kutoka vilimani kwetu kuwapelekea wanaojenga Nyakato, na kwa kazi hiyo niliiongezea majani ya springi nyuma, mengine ya lori, yakapigwa nyundo mpaka yakakaa. Ikiwa na mawe inatembea kwa heshima. Ikiwa tupu inaruka kama mbuzi. Kwa miaka yote hiyo kuruka kwake hakukunisumbua, kwa sababu aliyekuwa anaruka ni mimi peke yangu.

Mwanzoni tulimlaza nyuma kwenye godoro. Mimi niliona ni busara, mgonjwa alale. Kumbe nimemlaza juu ya ekseli, mahali pabaya kuliko pote. Siku ya pili akakaa mbele, na mto nyuma ya kiuno.

Aliyeleta wazo la mawe ni kaka yake. Ni mcheshi yule, hata msibani.

"Shemeji," aliniambia, "hii gari yako haijui kutembea bila mzigo. Ipakie mawe, itatulia."

"Niende na mawe hospitali?"

"Nenda nayo na urudi nayo. Nani atakuuliza?"

Basi kwa siku kadhaa nilikwenda hospitali na nusu tripu ya mawe, nikarudi nayo. Askari wa getini akaniuliza najenga nini humo ndani. Na kwa kweli ilisaidia. Nyuma palikuwa laini, mke wangu alisema mwenyewe ana nafuu. Lakini uzito ukikaa nyuma, mbele panakuwa pepesi, na usukani wa gari ile haukuwa mzuri tangu zamani. Jumatatu ya wiki hiyo, kwenye mteremko wa karibu na kwetu, nilikata kona na gari likaendelea kunyooka. Tulisimama tairi moja likiwa limeshaning'inia mtaroni. Alijishikilia kwenye mlango kwa nguvu zote, na kule kujishikilia kulimuumiza usiku kucha. Nikayashusha mawe yote asubuhi.

Jumanne nikaenda kwa fundi, gereji ya Nyakato, nikamwambia atoe majani mawili ya springi kila upande.

"Mzee wangu," alisema yule fundi, "nikitoa mawili, kesho utakuja kunilaumu."

"Sitakulaumu."

"Wote mnasema hivyo mkiwa mnaingia."

Akatoa. Nataka niandike wazi kwamba alinionya, maana baadaye shemeji alimsema vibaya na mimi nilinyamaza. Jumatano gari lilikuwa laini kwenye bati, lakini kwenye shimo likawa linazama mpaka linagonga chesisi, na likishagonga linayumba kama mtu aliyelewa. Mke wangu alikuwa anarushwa kulia na kushoto. Ndiyo ile Jumatano aliyoniambia habari ya Ijumaa.

Sikulala vizuri, nadhani na yeye hakulala. Nilikuwa nawaza kama haki yangu ni kumlazimisha au kumwachia. Mwili ni wake. Lakini watoto ni wetu wote, na mimi bila yeye sijui ningekuwa mtu gani. Sikupata jibu, na sina hakika kama nimelipata mpaka leo.

Alhamisi tuliondoka. Tulipopita mahali penye mashimo mengi, akasema, "Baba, nikwambie kitu?"

"Niambie."

"Wewe shimo unalikwepa likiwa limeshapita."

Nikamwambia mimi naendesha gari tangu kabla sijamuoa.

"Najua. Mimi siwezi kutazama barabara, nikiliona shimo naumia kabla. Kwa hiyo natazama mikono yako. Mikono inazunguka, gari haina habari. Inazunguka tena, ndipo gari inasikia. Na sisi shimo tumeshalipata."

"Usukani wa gari kuukuu ndivyo ulivyo, mama."

"Na mgongo wangu ni kuukuu. Mbona huo unapelekwa hospitali?"

Nilikasirika, niseme ukweli. Nilikuwa nimehangaika na springi, na mawe, na godoro, halafu ananiambia sijui kuendesha. Lakini hakusema sijui kuendesha. Hilo nililiongeza mimi.

Alipoingia ndani kwenye mionzi nikabaki na gari pale kwenye maegesho. Nikazungusha usukani huku nachungulia dirishani nione tairi. Huwezi kufanya yote mawili. Askari wa getini, yule wa mawe, akaja akachuchumaa mbele ya tairi bila kuombwa.

"Zungusha, mzee," akasema. "Bado. Bado. Bado kabisa. Hapo ndiyo limetikisika." Akainuka akajipangusa magoti. "Na unatoka nayo mbali hivyo?"

Karibu robo ya mzunguko ilikuwa inapotea hewani. Nilikuwa naijua, na nilikuwa siijui tena. Ilikuja kidogo kidogo, na mikono ikajifunza kuanza mapema na kuzidisha. Nilikuwa hata najisifu kwamba pikapu yangu haiibiki, mwizi atakayeichukua ataishia mtaroni. Kumbe shimo ninaloliona ghafla, lisilonipa nafasi ya kuanza mapema, nilikuwa naliingia kila mara. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kulainisha mashimo, wakati njia ilikuwa kutoyaingia.

Labda najipa akili ya baadaye. Siku ile nadhani niliwaza tu kwamba imebaki kesho.

Tulipotoka hospitali tukapita gereji. Mama lishe wa jirani akatandika mkeka kwenye banda lake, mke wangu akalala pale, na yule mama akamchemshia chai ya tangawizi. Mimi nikamweleza fundi.

"Tairodi zimekwisha," alisema akiwa chini ya gari. Ndivyo vile vyuma vinavyopeleka usukani kwenye matairi. "Na bushi za mkono zimekwisha. Nilikwambia mwaka jana."

"Uliniambia."

"Ukasema mawe hayajui kona."

"Nilisema."

"Haya, nipe spana ya kumi na saba, usisimame tu."

Akabadilisha tairodi pande zote, na bushi, yale mapira ya kwenye maungio. Akakaza boksi la usukani kidogo tu, akasema ukilikaza sana usukani hautarudi wenyewe baada ya kona. Akarudisha jani moja la springi kila upande kati ya yale mawili, lile jembamba, ili gari lisizame. Halafu akapima upepo wa matairi akacheka. Nilikuwa bado najaza upepo wa mawe. Akaupunguza.

"Sasa hii si gari ya mawe tena," alisema. "Ukipakia mawe, utakuwa umeua vyote. Chagua."

Nikamwambia nimeshachagua. Kazi ya mawe ndiyo iliyokuwa inatulisha, na shemeji alikuwa na ahadi na wajenzi wawili, kwa hiyo kuchagua kwangu kulikuwa kunamchagulia na yeye. Alikubali baadaye, lakini sikumuuliza kwanza.

Ijumaa niliogopa kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Usukani mpya ulinichanganya, mikono bado ilikuwa inazidisha, na mwanzoni niliyumbisha gari pasipo na sababu. Akanitazama mikono. Tulipofika kwenye mashimo mengi nikaenda polepole, kulia, kushoto, kulia, na gari likafuata papo hapo. Shimo moja tuliliingia, nililiona na sikuweza kwa sababu lori la mchanga lilikuwa linakuja. Aliguna, akauma kitambaa. Wakati wa kurudi, karibu na Kisesa, akaniomba nisimame, akatapika pembeni ya barabara. Sijui ilikuwa mionzi au barabara. Siwezi kusema gari ndiyo iliyomsaidia, wala kwamba hakuumia. Aliumia. Nilikuwa naona jasho kwenye shingo yake muda wote.

Tukafika. Nikazima injini, na sikumuuliza. Mikono niliiacha kwenye usukani kwa sababu sikujua niiweke wapi. Kuku walikuwa wanapita mbele ya gari. Alikaa macho amefumba, nikajua sasa atasema, na nikawa najiandaa kukubali, maana nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba akikataa sitabishana.

"Jumatatu tutoke mapema," akasema. "Yale malori yakishaanza kutoka, yanatubana upande wenye mashimo."

Nikasema sawa. Nikashuka, nikazunguka kwenda kumfungulia mlango.