Mama wa Waridi la Kabuku

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara alinikabidhi kinu kidogo na kipande cha jani la mkonge, akasema nisage mpaka liwe uji. Nikasaga huku najisemea, kumbe nimesoma nije kutwanga! Hiki kilikuwa kituo cha utafiti Korogwe, miaka ya ubinafsishaji, mashamba ya mkonge yanabadili wenyewe na kila kukicha mwekezaji mpya. Jioni mkuu, mama mrefu asiyecheka ovyo, akamimina spiriti baridi kwenye chupa yangu, zikaelea nyuzi nyeupe. "Hivyo ndivyo vinasaba," akasema. "Humo wameandikwa baba na mama." Jamani, nilipiga kigelegele humohumo maabarani, nikapewa onyo la kwanza.

Miaka ikaenda, nikapanda kutoka mwosha chupa hadi fundi sanifu. Ndipo ikaja kesi ya waridi.

Bibi Mwanaidi wa Kabuku aliuza miche ya maua kando ya barabara, na waridi lake moja, rangi ya papai bivu, liligombewa na abiria wa kila basi lililosimama. Mwekezaji mwenye bustani kubwa ya mawaridi jirani akadai ni lake, kwamba bibi aliiba vijiti usiku akavipandikiza. Serikali ya kijiji ikaamua: vipimo vikionyesha ni mmea uleule, miche yote ya bibi ing'olewe. Bibi alishikilia kwamba alilipanda kwa mbegu, kutoka tunda la waridi lake jekundu la zamani alilohama nalo kutoka Old Korogwe.

Nikatumwa kuchuma majani. Majani machanga ndiyo hutoa vinasaba vizuri, basi kwa mwekezaji nikachuma machipukizi laini yaliyotoka chini ya shina. Mimi mtoto wa mkata mkonge, na chipukizi la mkonge ni mkonge uleule, nani angenifundisha? Vinasaba huonekana kama mistari kwenye ute mgumu, na kila mmea una mistari yake. Ya bibi na ya mwekezaji haikufanana hata kidogo. Nikakimbilia Kabuku na habari hata ripoti haijasainiwa.

Nilimkuta bibi akikata machipukizi kama yale na kuyatupa. Nikamuuliza kulikoni. Akanieleza kwamba waridi la bustani hubebeshwa juu ya shina la waridi pori, na linalochipuka chini ni pori, si ndugu wa ua. Nilikuwa nimepima mmea mwingine kabisa! Ningeweza kunyamaza, bibi akapona na mimi nikapona. Nikamwambia yote, na kwamba tukirudia anaweza kushindwa.

Akafuta kisu kwenye kanga. "Rudia, mwanangu. Nalijua nililopanda."

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniandikia barua ya onyo, kisha akanipa gari. Safari hii nilichuma juu, penye ua, na kwa bibi nikachuma pia lile jekundu la zamani.

Mistari ilipotokea niliihesabu mmoja mmoja. Kijiti kilichoibwa kingefanana na mwenzake mstari kwa mstari. Hili la bibi lilichukua nusu kwa mwekezaji na nusu kwa lile jekundu. Chotara! Nyuki ndio waliobeba chavua kuvuka uzio wa bustani. Tukapima na zile chembe zinazolipa jani ukijani, ambazo waridi hurithi kwa mama tu: zilikuwa za lile jekundu. Mama yangu ni Mzigua, na kwao zamani ukoo ulihesabiwa kwa mama, kwa hiyo sikuhitaji kufafanuliwa mara mbili.

Sasa nimestaafu. Vijana wenye mashine za kisasa hunishangaa ninavyowasumbua waandike jani limechumwa sehemu gani ya mmea. Waache washangae. Mimi nilikuwapo Kabuku afisa mtendaji aliposoma ripoti mbele ya watu, na mwekezaji akatazama viatu vyake.

Siku hiyo bibi aliniuliza kama ni kweli baba wa waridi lake ni lile la bustanini. Nikasema ndiyo. Akakata kijiti kizuri cha lile waridi, akakifunga kwenye jani bichi la mgomba, akamwendea mwekezaji na kumpa kwa mikono miwili.

"Chukua," akasema. "Mtoto apajue kwa baba yake."